MWENZETU ALIYEPATA KIHARUSI ANAPORUDI NYUMBANI



Kiharusi hakichagui kazi. Humpata mwalimu, dereva na mpagazi, pale damu inapozuiwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka kichwani. Chanzo chake kikubwa ni shinikizo la damu, ambalo wengi wetu tunatembea nalo bila kujua.

Gitega ndiko kuliko kituo cha taifa cha viungo bandia na mazoezi. Mwenzetu wa Muyinga aliyepelekwa huko, siku moja atashika njia ya Karuzi kurudi kwake. Jamaa hushangilia, wakidhani kazi imekwisha. Sivyo. Kule sakafu ni sawa na mtaalamu yu karibu. Nyumbani kuna mteremko wa kilima, kitanda kilicho chini na choo cha shimo. Asiyetayarishiwa hayo hubaki kitandani, na nguvu alizozipata humpotea.

Kwa hiyo matayarisho yaanze angali wodini. Atakayemwuguza akae naye siku chache, ajifunze kwa mikono yake: kumgeuza, kumwinua bila kumvuta mkono uliopooza, maana bega huumia, kumlisha akiwa ameketi wima, ili chakula kisiingie mapafuni. Kabla ya kuondoka, mambo matatu yaandikwe kwenye karatasi: dawa gani na hadi lini, mazoezi gani kila siku, na kituo gani cha afya karibu na kwao kitakachompima shinikizo, na tarehe yake.

Nyumbani hatuhitaji mali nyingi. Matofali chini ya miguu ya kitanda yatakiinua. Seremala atatoboa kiti cha mbao kikae juu ya shimo la choo. Miti miwili ya mkalitusi ikifungwa uani sambamba, kimo cha kiuno, mgonjwa atajifunza kutembea katikati yake. Mazoezi yawe mafupi, lakini mara nyingi kwa siku. Miezi ya kwanza ina faida kubwa kuliko yote, ingawa hata baadaye mtu huendelea kupata nafuu.

Aliyepoteza usemi mara nyingi akili yake ipo. Tumngojee amalize neno lake.

Hatari kubwa ni kuacha dawa kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Huo ndio mlango wa kiharusi cha pili.

Sasa fedha. Matibabu ya bure yaliyotangazwa mwaka 2006 yalikuwa kwa watoto walio chini ya miaka 5 na akina mama wanaojifungua, kiharusi hakimo. Watumishi wa serikali wana Mutuelle yao tangu mwaka 1980, lakini kibarua wa kutwa hana. Nauli pekee ya kurudi Gitega kupimwa yaweza kumshinda.

Hapo ndipo tawi linapohitajika. Tuchange nauli. Tumtembelee kwa zamu, ili naye anayemwuguza apumzike. Tukutane na mwajiri mapema, kabla nafasi haijatolewa kwa mwingine, tumwombe kazi nyepesi au saa chache. Sheria ya Januari 2018 inalinda haki za watu wenye ulemavu, tuisome, tuitumie.

Na kila mkutano wa tawi tumwalike muuguzi atupime shinikizo. Likifika 140 kwa 90 na kurudia hivyo, twende kwa daktari bila kungoja maumivu, kwani ugonjwa huu haupigi hodi.