Lubiri, Makao ya Kabaka wa Buganda

Uganda ni jamhuri, lakini ndani yake mna falme, na Buganda ndiyo kubwa kuliko zote. Mfalme wake huitwa Kabaka, na makao yake ni Lubiri, juu ya kilima cha Mengo, Kampala. Mtu wa Musoma hufika huko kwa basi kupitia Sirari, Kisumu na Busia.

Usianzie kwenye jumba. Anzia Bulange, lilipo bunge la Buganda, ushuke kwa miguu barabara ya Kabaka Anjagala. Imenyooka mpaka lango la Lubiri, umbali wa maili moja hivi, na miti iliyo kandokando ni ya koo za Waganda. Koo zenyewe ni 52, kila moja na mwiko wake: chui, tumbili, hata senene. Watu wa ukoo wa Mmamba mwiko wao ni kamongo, huyu huyu tunayemvua na kumla huku Mara, wao hawamgusi. Njiani kuna mzunguko wa Nantawetwa. Magari yote huzunguka, ila Kabaka hufunguliwa lango akapita katikati, kwa sababu mfalme hazungushwi.

Mbele ya Lubiri unawaka moto unaozimwa siku Kabaka anapofariki tu. Ndani ni uwanja mpana wa majani, na jumba la Twekobe hutazamwa kwa nje.

Mei 24, 1966, jeshi la Rais Obote likiongozwa na Idi Amin lililishambulia jumba hilo. Kabaka Mutesa wa Pili aliruka ukuta akakimbia, akafia London mwaka 1969. Lubiri ikageuzwa kambi ya jeshi. Bondeni kuna handaki la zege lililojengwa kuwekea silaha, kisha likawa mahabusu. Humo mna giza na unyevu, na kutani yamebaki maandishi ya mkaa ya waliofungwa. Nilitoka nimenyamaza. Wapo wazee wetu wa Mara walioingia Kampala na jeshi letu la Tanzania Aprili 1979, Amin alipong'olewa madarakani; wakupe wao habari za mji ule ulivyokuwa.

Ufalme, uliokuwa umefutwa, ulirudishwa mwaka 1993, na miti ile ya koo kandokando ya barabara ina wa kuitunza.

Nasi tunayo Mwitongo, Butiama: boma la Mtemi Nyerere Burito, mawe yake makubwa, na kaburi la Mwalimu Nyerere. Njia ya kwenda huko ipandwe miti vivyo hivyo, kila kabila mti wake: Wazanaki wao, Wakurya wao, Wajita, Waikizu, Wakwaya, Waluo na wengine wote. Miche iandaliwe mapema, ipandwe mvua za vuli zikianza.