'Ndoo' ya bibi si ndoo ya maji

Nyumbani kwetu Nairobi, vita vya kaunti huanzishwa na chapati ya mwisho. Mume wangu ni mtu wa Tana River, mimi ni wa Lamu. Akiiwahi ile chapati, mimi huwaambia watoto, "Mwachieni baba yenu. Kwao hajawahi kuona watu watano wamekaa meza moja, ana wasiwasi." Naye hujibu huku anatafuna, "Afadhali mimi. Kwenu mkitaka mkutano utimie, lazima mhesabu na punda."

Siku moja binti yetu, aliye Gredi ya 5, alichoka na kelele hizi akaenda kutafuta hesabu. Akarudi na sensa ya 2019. Lamu ina watu 143,920, idadi ndogo kuliko kaunti zote 47. Tana River ina watu 315,943. Baba watu akasimama akapiga makofi.

"Ngoja kwanza, Baba," binti akasema. "Lamu kila kilomita mraba ina watu 23. Tana River ni wanane."

Ikawa zamu yangu kusimama. "Wanane! Na hao wanane mwatafutana kwa tochi!"

Binti akaendelea kusoma kwa sauti ile ile. "Nairobi ni watu 6,247 kwa kila kilomita mraba." Kisha akauliza, "Mama, yule jirani wa mlango wa pili anaitwa nani?"

Tukatazamana mimi na mume wangu. Hakuna aliyejua.

Wazazi wenzangu mliotoka kwenu mkaja kulea watoto mjini, bila shaka mna vita kama hivi. Sisi wa Pwani tumelelewa katika utani, na utani una wenyewe. Mashemeji hutaniana, binamu hutaniana, na zaidi ya wote, bibi na babu huwatania wajukuu. Mama yangu humwita mwanangu wa kiume "mume wangu" na binti yangu "mke mwenzangu". Huyo mke mwenza husutwa kwamba hajui kupika wala kukuna nazi, naye hucheka mpaka machozi. Hakuna anayetukanwa hapo. Mtoto anajifunza maneno, anajifunza kujibu, na anajua yeye ni wa nani.

Lakini mwaka jana utani wa bibi ulikatika, na waliosababisha ni sisi.

Mate na mato

Mambo yalianzia kwenye simu. Mama yangu alipiga mimi nikiwa bado kazini, na mwanangu wa miaka saba akapokea. Niliporudi jioni nikamwuliza bibi amesemaje.

"Anakusalimia. Anasema mate yanamuuma."

Nikadhani ni mafua au meno. Nikasema nitampigia kesho. Kesho ikawa keshokutwa, mwajua mambo ya kazi. Siku ya nne alinipigia jirani yake wa huko Lamu. "Mamako amejikwaa kwenye ngazi. Haoni vizuri. Kwani hakukwambia?"

Alikuwa ameniambia. Hakusema mate, alisema mato. Kwa Kiamu, mato ni macho.

Hakuumia sana, tunashukuru. Tulimleta Nairobi akapimwa, ikaonekana ni mtoto wa jicho, akatibiwa. Lakini mimi nilibaki na jambo kifuani. Mwanangu hakufanya uzembe, alileta ujumbe kama alivyousikia. Mimi ndiye niliyemlea miaka saba bila kumpa neno ambalo bibi yake hulitumia kila siku.

Bibi mjini

Alikaa nasi wiki sita, na nyumba ikachangamka. Siku ya pili tu alimwita mwanangu kutoka jikoni, "Ndoo!" Mtoto akakimbia bafuni, akamletea ndoo ya bluu. Bibi akaitazama. "Ndoo hapa," akasema tena, taratibu. Mtoto akaisogeza ndoo karibu zaidi.

Ndoo kwa Kiamu ni njoo.

Sote tukaangua kicheko. Bibi, aliyekuwa bado na kitambaa jichoni, akatugeukia, "Mwateka nini?" Binti yangu, ambaye hutazama taarifa ya habari na baba yake kila usiku, akashtuka. "Bibi, hatujateka mtu!"

Kwa Kiamu, kuteka ni kucheka. Tukacheka tena, safari hii mpaka tukaketi sakafuni.

Kisa hiki kikawa mali yetu. Nilikisimulia kazini, mume wangu akawasimulia ndugu zake, watoto wakawasimulia wenzao shuleni. Mgeni yeyote akija, mwanangu aliletwa na ndoo yake kuigiza. Bibi alikaa kitini akatabasamu. Mimi niliona tabasamu tu, sikutazama zaidi.

"Sitaki kutekwa"

Aliporudi Lamu tukaendelea kumpigia kila Ijumaa. Ilipita miezi miwili hivi kabla sijagundua kuna kitu kimepungua. Alikuwa akiwaambia watoto, "Hamjambo? Mnasoma vizuri? Haya, niwekeeni mama." Kiswahili safi kabisa, kama cha redio. Hakuna mume wangu, hakuna mke mwenzangu. Simu zilikuwa zikimalizika kwa dakika mbili.

Nikamwuliza, "Mama, mbona siku hizi huwatanii watoto?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sitaki kutekwa."

Nilicheka kwa mazoea, halafu nikasikia alichosema. Hakutaka kuchekwa. Mwanamke aliyetulea kwa maneno hayo, ambaye hakuna mtu mtaani kwetu aliyemweza kwa mafumbo, alikuwa anachagua maneno kabla ya kuzungumza na wajukuu zake, ili wasimfanye kichekesho cha wageni.

Utani una kwenda na kurudi. Ukimtania, naye akutanie. Sisi tulikuwa tumeufanya wa upande mmoja. Watoto hawakuwa na neno hata moja la kumjibu kwa lugha yake, kwa hiyo walichobaki nacho ni kumcheka.

Lugha iliyokuwa mwalimu

Watoto wangu walidhani bibi "hukosea" Kiswahili. Hata mimi, nikikumbuka vizuri, niliwahi kuwaambia, "Msiseme hivyo, mwalimu atawakata alama." Alama kweli zitakatwa, na ni haki, kwa sababu mtihani ni wa Kiswahili sanifu. Lakini kuna jambo sikuwa nimewaeleza.

Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Zanzibar. Uamuzi huo ulifanywa enzi za ukoloni, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi yake mwaka 1930. Kabla ya hapo, kwa karne kadhaa, Kiamu ndicho kilichokuwa lugha ya washairi. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alitunga utendi kumwachia binti yake wasia. Utendi huo unasomwa vyuo vikuu hadi leo. Ni mama akizungumza na mwanawe kwa lugha ya visiwa vyetu, na mato yake ni mato.

Nilipowaonyesha watoto kwamba bibi hakosei, wakaanza kutafuta utaratibu wenyewe. Palipo na ch, mara nyingi Kiamu kina t: macho ni mato, kichwa ni kitwa, mchele ni mtele, chupa ni tupa. Palipo na nj pana nd: njia ni ndia, njoo ni ndoo. Mji ni muyi, na leo ni yeo. Binti alijaza ukurasa mzima wa daftari jioni moja. Alifurahi kama aliyepata ufunguo wa sanduku.

Tezi na omo

Watu wa kwetu kuondoka si jambo jipya. Zamani majahazi yalifuata pepo. Kaskazi iliwaleta wageni kutoka Arabuni, kusi ikawarudisha, na kijana aliyesafiri nao alijua pepo zikigeuka atarudi. Wengine waliondolewa kwa nguvu. Miaka ya 1960, wakati wa vita vya Shifta, Wabajuni wengi walikimbia vijiji vyao vya bara kaskazini mwa Lamu wakaenda visiwani, Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi. Siku hizi tunaondoka kwa masomo, kwa kazi, kwa ndoa. Ndege haina msimu wa kurudi.

Kaka yangu yuko Muscat miaka kumi na miwili sasa. Watoto wake wanazungumza Kiarabu shuleni na Kiingereza michezoni. Mume wangu, kwa kuwa ni shemeji yake, hamwachi apumue. Wiki ile kaka alipotuma picha ya gari jipya kwenye kundi la familia, mume wangu aliandika, "Shemeji, usiache mbachao kwa msala upitao."

Mwanangu akasoma akauliza, "Mbachao ni nani?"

Alidhani ni mtu. Nikataka kumweleza, nikagundua nami sina uhakika wa kutosha. Tukampigia bibi. Mbachao ni mkeka uliochakaa, akasema, na msala ni ule mkeka mzuri wa kuswalia. Usitupe kikuukuu chako kwa sababu umeona kizuri cha mpita njia, kwa kuwa yule ataondoka nacho. Kisha akaongeza wa kwake, "Na mwambieni mjomba wenu wa Muscat, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni pale chini katikati yanapokusanyika maji ya kufutwa. Zunguka utakavyo, utarudi pale pale kwenye kazi yako.

Simu ile ilidumu dakika arubaini. Nilihesabu.

Tulichobadilisha

Sina mradi wa kufufua lugha, nina watoto wawili na simu moja. Haya ndiyo yaliyotusaidia, huenda yakamfaa mzazi mwingine, awe ametoka Faza au Kakamega.

Kwanza, tuliomba radhi. Watoto walimwambia bibi wamekosa kumfanya mchezo mbele ya wageni, nami nikamwambia langu. Akasema, "Yameshapita," kwa sauti ya mtu aliyekuwa akingoja kuambiwa.

Pili, kila Ijumaa bibi hutoa neno moja au msemo mmoja, na watoto wanapewa wiki nzima kukisia maana. Mimi siruhusiwi kutafsiri. Hilo ni gumu kwangu kuliko kwao, maana mzazi ana haraka ya kueleza. Lakini neno ambalo mtoto amelikisia vibaya mara tatu halimtoki tena.

Tatu, na wao humpa neno. Mwanangu alimfundisha bibi kusema "niaje", na binti akamfundisha "doh". Sasa bibi akitaka pesa ya sukari huniuliza kama nina doh, na mzee wa duka la mtaani kwake ameshaanza kulitumia. Mtoto anapoona neno lake la Sheng limepokelewa, hulipokea la bibi bila kuona haya.

Nne, tunahifadhi sauti. Bibi akituma ujumbe wa sauti, hatuufuti. Maandishi hayabebi ile t ya "mato", inayotamkwa ulimi ukigusa meno.

Na mwisho, tumewaambia watoto wazi kwamba kuna Kiswahili cha mtihani na Kiswahili cha bibi, na mtu mwenye akili hubeba vyote viwili. Binti amepata alama nzuri ya insha muhula huu na hakuandika "ndia" hata mara moja. Nyumbani analisema siku nzima.

Baba yao naye hakukubali kuachwa nyuma. Ameanza kuwafundisha Kipokomo cha bibi yao wa Hola, na ananitangazia kwamba wale wanane wa kila kilomita mraba sasa wameongezeka, wamekuwa kumi. Hata jirani wa mlango wa pili tumemjua jina. Mwanangu aligonga akaenda kumwazima ndoo.

Ijumaa iliyopita bibi alisimulia kisa cha punda aliyeingia harusini, na mwanangu akashindwa kujizuia. "Bibi, bibi, nateka!"

Upande wa pili kukawa kimya. Kisha sauti ya mama yangu ikaja, nzito kama ya askari. "Wamteka nani, mume wangu? Mwachilie haraka, kabla polisi hawajaya."