UZURI WA MKAKASI: NAMNA YA KUCHAGUA KASHA LA KOMPYUTA YA MICHEZO

Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii ilikuwapo zamani sana kabla kompyuta hazijaingia katika nyumba za watu, lakini leo inamhusu kila mzazi anayekwenda dukani kumnunulia kijana wake kasha la kompyuta.

Mfano ni wa koplo mmoja anayeishi na mkewe na watoto katika nyumba ya vyumba viwili kambini. Kijana wao mkubwa amemaliza mtihani, na kwa mwaka mzima familia imeweka akiba kidogo kidogo ili aunde kompyuta yake ya michezo, kipande kwa kipande. Dukani kijana anasimama mbele ya kasha lenye kioo mbele na ubavuni, na feni zinazowaka rangi zote za upinde wa mvua. "Baba, ni hili hili," anasema. Baba hana la kujibu, kwani machoni pake kasha ni kasha tu. Wanalipa na kuondoka. Baada ya wiki mbili mashine inavuma kama kinu cha kusagia nafaka, na mchezo unaanza kukwama kila unapofika mahali pa moto. Hakuna kipande kilicho kibovu. Kosa limo katika kasha lenyewe: mbele yake ni kioo kitupu, na hewa haina pa kuingilia.

KASHA NI NYUMBA

Yafaa ifahamike kwanza kwamba kasha si pambo. Ni nyumba ya vitu vyote vinavyofanya kazi: bodi kuu ambayo vipande vyote huunganishwa juu yake, prosesa inayopiga hesabu, kadi ya grafiki inayochora picha za mchezo, na pawa saplai inayopokea umeme wa nyumbani na kuugawa. Kama nyumba ya binadamu, kasha halina budi kuwa na nafasi ya kuwatosha wakaaji wake, madirisha ya kupitisha hewa, na milango ya kuingilia fundi.

Mjenzi wa leo ana bahati. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ya Marekani ilitangaza kipimo kiitwacho ATX, ambacho kinaeleza ukubwa wa bodi kuu na mahali pa matundu ya skrubu zake. Kwa sababu hiyo bodi iliyotengenezwa na kampuni moja hukaa sawasawa katika kasha la kampuni nyingine. Bodi ya ATX ina milimita 305 kwa 244. Ndogo yake, Micro-ATX, ina milimita 244 kwa 244. Ndogo zaidi ni Mini-ITX, yenye milimita 170 kwa 170, iliyoletwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001. Kwa kawaida kasha kubwa hupokea bodi ndogo, lakini kasha dogo halipokei bodi kubwa hata kwa kulisukuma.

Jambo moja husahauliwa na wengi. Ndani ya kasha mna viguzo vidogo vya shaba ambavyo bodi hukalia ili isiguse bati. Ukibadili ukubwa wa bodi, viguzo navyo vihamishwe. Kiguzo kimoja kilichobaki mahali pasipo na tundu chaweza kugusa mgongo wa bodi na kupiga shoti siku ya kwanza umeme unapowashwa.

VIPIMO VITATU KABLA YA PESA

Kasha linunuliwe baada ya vipande vingine kuchaguliwa, wala si kabla. Kijana na mzazi wakae mezani na karatasi na kalamu, waandike vipimo vitatu.

Cha kwanza ni ukubwa wa bodi, kama ulivyoelezwa hapo juu.

Cha pili ni urefu wa kadi ya grafiki. Kadi hizi zimekuwa ndefu mno. GeForce RTX 4090, iliyotolewa na kampuni ya Nvidia mwaka 2022, ina urefu wa milimita 304 katika umbo lililotengenezwa na Nvidia yenyewe, nayo hukalia nafasi ya kadi tatu. Watengenezaji wa makasha huandika urefu wa kadi unaoweza kuingia, lakini mnunuzi akumbuke kwamba rejeta ya maji ikifungwa mbele pamoja na feni zake, urefu huo hupungua.

Cha tatu ni kimo cha kipoza joto kinachosimama juu ya prosesa. Kipoza mashuhuri cha Noctua ya Austria, NH-D15, kina kimo cha milimita 165. Kasha likiwa na nafasi ya milimita 160, ubavu wake hautafungika, na hapo hakuna dawa isipokuwa kurudi dukani.

Aliyepima nyumbani hauziwi mbuzi kwenye gunia.

HEWA NDIYO ROHO YA MASHINE

Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta hutoka ukiwa joto. Kadi ya RTX 4090 imewekewa kiwango cha wati 450. Kadi ya kiasi kama RTX 4060 ya mwaka 2023 ni wati 115. Joto hilo lisipotolewa, hurundikana. Prosesa nyingi za siku hizi zimewekewa kikomo kati ya nyuzi 90 na 105 za Selsiasi. Zikifikia hapo hujipunguzia mwendo zenyewe ili zisiungue. Huko ndiko kukwama kulikomsumbua kijana wa koplo. Mashine haikuwa dhaifu, ilikuwa ikijiokoa.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama dukani ni uso wa kasha. Uso wa wavu wenye matundu mengi hupitisha hewa. Uso wa kioo au plastiki iliyozibwa huizuia, hata kama nyuma yake zimepangwa feni tatu. Mpango wa kawaida unaofaa nyumba nyingi ni feni mbili za mbele zinazovuta hewa baridi na moja ya nyuma inayotoa hewa ya moto. Ukubwa unaotumika sana ni milimita 120 na 140, na feni kubwa husukuma hewa ile ile kwa mzunguko wa polepole na kelele kidogo. Asiyejua feni inapuliza wapi atazame mikono midogo inayoshikilia mota: kwa kawaida hewa hutoka upande huo.

Kwa aliyekwisha kununua, liko jaribio lisilogharimu kitu. Ubao wa mbele ufunguliwe, mchezo uchezwe kwa nusu saa, na joto lisomwe katika programu ya kupimia. Joto likishuka sana, basi kasha ndilo linaloikaba mashine, na fedha zisitumiwe kununua kadi mpya.

VUMBI

Katika nchi zetu hewa haiji peke yake. Huja na vumbi. Kasha bora lina machujio mbele, chini na juu, yanayochomoka kwa mkono bila bisibisi, yakaoshwa kwa maji na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Feni zinazoingiza hewa zikizidi kwa nguvu zile zinazoitoa, hewa hutokea katika mianya badala ya kuingilia humo, na vumbi hupungua. Kasha lisiwekwe juu ya mkeka au zulia, maana mara nyingi pawa saplai huvuta hewa yake kutoka chini. Wakati wa kusafisha, umeme uchomolewe na feni ishikwe kwa kidole isizunguke.

FUNZO LA MWAKA 2021

Wapo wanaodhani kwamba kasha haliwezi kuleta hatari kwa kuwa ni bati tu. Mwezi Februari 2021, kasha dogo la wima liitwalo H1, la kampuni ya NZXT, liliondolewa sokoni Marekani kwa tangazo la tume ya nchi hiyo inayosimamia usalama wa bidhaa. Makasha yapatayo 32,000 yalihusika. Skrubu zilizofunga kipande cha kuunganishia kadi ya grafiki kwenye bati zingeweza kusababisha shoti na moto. Kabla ya hapo kampuni ilikuwa imetoa skrubu za nailoni kwa wenye makasha hayo, lakini tiba hiyo haikutosha, ikabidi kipande chenyewe kibadilishwe.

Anayenunua kasha lililokwisha kutumika aulize jina na namba yake, achunguze kama limewahi kuitwa lirudishwe. Vivyo hivyo pawa saplai inayotolewa bure ndani ya kasha rahisi, isiyo na jina wala maelezo, itazamwe kwa shaka. Mahali watoto wanapolala, akiba ya namna hiyo si akiba.

SIKU YA UHAMISHO

Familia ya askari au polisi haikai kituo kimoja maisha yote. Siku amri ya uhamisho inapotoka, vyombo hupakiwa katika lori na barabara huwa ndefu. Kasha la bati jembamba hupinda, na ubavu wake haufungiki tena. Kabla ya safari, kadi ya grafiki nzito ichomolewe na kufungwa peke yake, kwani mtikisiko wa njiani waweza kuvunja tundu linaloishikilia katika bodi. Ubavu wa kioo nao utolewe na kuviringishwa blanketi. Kioo cha kasha huwa kigumu usoni, lakini pembe yake ikigusa sakafu ya vigae chaweza kupasuka mara moja kikawa punje tupu. Basi kilazwe juu ya kitambaa au kitanda. Mwenye kutazamia kuhama mara kwa mara atafanya vyema kuchagua ubavu wa bati.

LITAKALOBAKI

Prosesa huchakaa kwa sifa, kadi hupitwa na mpya, lakini kasha lililochaguliwa vizuri hubaki. Kipimo cha ATX kimedumu tangu mwaka 1995, na kasha linalopumua laweza kupokea bodi ya leo na ya miaka mingi ijayo.

Basi koplo akirudi dukani mara ya pili, na aende na karatasi yake ya vipimo na futikamba mfukoni. Amwombe muuzaji afungue ubavu, apitishe kidole katika wavu wa mbele, achomoe chujio na kulirudisha. Taa za rangi ziwe jambo la mwisho, kama fedha zimebaki. Siku kijana atakapoondoka kwenda chuoni au kazini, mdogo wake atarithi nyumba iliyo tayari. Kazi itakayobaki ni kumtafutia wakaaji.