Je, wajua unga wa rangi nyeupe huvunja sumu ukipigwa na jua?

Unga unaoipa rangi ya ukutani weupe wake huitwa dioksidi ya titani. Umo pia kwenye dawa ya meno na mafuta ya kujikinga na jua, na mchanga wenye madini yake ulichimbwa Kwale, pwani ya Kenya, hadi mwishoni mwa 2024. Utie kwenye maji yenye kiuatilifu uyaweke gizani, sumu itabaki vilevile. Yatoe juani, na sumu inaanza kukatika.

Mwaka 1972, Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walitangaza kwamba dioksidi ya titani, ikiunganishwa kwa waya na platinamu na kumulikwa ndani ya maji, hutenganisha maji kuwa oksijeni na haidrojeni. Haikuchukua muda watafiti wakageukia uchafu uliomo majini.

Miale ya urujuanimno ikigonga chembe ya unga, elektroni huruka kutoka mahali pake na kuacha tundu. Tundu hilo huinyang'anya elektroni molekuli ya maji iliyo karibu, na hapo huzaliwa radikali ya hidroksili: kitu kikali kisichodumu hata sekunde, lakini kinachoshambulia karibu kila molekuli yenye kaboni. Kiuatilifu hukatwa kipande baada ya kipande mpaka kuwa hewa ya ukaa, maji na chumvichumvi. Unga wenyewe haupungui. Chujio la mkaa huishika sumu tu, kisha unabaki na mkaa wenye sumu usiojua pa kuutupa. Hapa sumu yenyewe inavunjwa, na ndiyo maana njia hii inastahili kutiliwa maanani.

Ila kazi ikikatishwa katikati, ni hatari. Klopirifosi, dawa ya wadudu, hubadilishiwa kwanza salfa yake kwa oksijeni, na kinachopatikana ni kikali kuliko dawa yenyewe. Anayepima klopirifosi peke yake ataona imepungua na kudhani maji yamepona. Atrazini ya kuua magugu kwenye mahindi ina yake: hung'olewa klorini na vipande vya pembeni, kisha pete yake ya kaboni tatu na nitrojeni tatu hugoma kabisa. Hubaki asidi ya sayanuriki, ambayo kwa bahati njema sumu yake ni ndogo mno.

Tena, urujuanimno ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua, na tope huuzuia. Kwa hiyo usiutarajie unga huu usafishe mto mzima. Mahali pake ni pale bomba la kupulizia dawa linaposuuzwa, maji yakiwa machache na sumu ikiwa bado nzito.

Almería, kusini mwa Hispania, penye maelfu ya hekta za vitalu nyumba, walilielewa hilo mapema. Makopo matupu ya dawa huoshwa kabla plastiki haijatumika upya, na maji hayo ya kuoshea ni mchanganyiko wa sumu za kila aina. Watafiti wa kituo cha nishati ya jua cha huko waliyapitisha kwenye mirija ya kioo iliyolazwa juu ya vioo vilivyopinda. Pamoja na unga huo walijaribu chumvi ya chuma na peroksidi ya haidrojeni, njia inayofaidi hata sehemu ya mwanga unaoonekana, na hiyo ndiyo iliyofika kiwandani. Wala hawakuulazimisha mwanga umalize kila kitu: sumu ilipopungua kiasi cha bakteria kuweza kuistahimili, maji yalihamishiwa kwenye tangi lao, nao wakala mabaki.