Mtoto akikosea kunakili ubaoni, usikimbilie kumwita mzembe

Ni jioni. Mama anafungua daftari la mwanawe wa darasa la pili. Ubaoni mwalimu aliandika 462, daftarini pana 426. Sentensi ya tatu imekatika katikati, na neno moja limerukwa. “Hivi wewe huoni? Mbona wenzako wanaandika vizuri?” Mtoto anainama, hana jibu.

Kabla hujachukua fimbo, mzazi mwenzangu, tazama kazi aliyofanya mtoto huyo. Anainua macho, anasoma, anabeba alichokiona kichwani, anainamia daftari, anaandika. Kisha anainua macho tena na kutafuta alipoishia. Kati ya ubao na daftari, picha ile inashikiliwa na kumbukumbu ya muda mfupi tu, na kumbukumbu hiyo ni kikapu kidogo.

Mwaka 1960, mtafiti wa Marekani, George Sperling, aliwaonyesha watu wazima herufi 12 katika mistari mitatu, kwa muda usiofika hata sekunde moja. Alipowataka wazitaje zote, wengi walitaja nne au tano. Akabadili mtindo: mara herufi zinapotoweka, mlio uliwaeleza wataje mstari upi. Mstari wowote uliochaguliwa, waliweza kutaja takribani herufi tatu kati ya nne. Maana yake walikuwa wameona karibu zote, ila picha ilifutika huku wakizitaja. Mlio ulipochelewa kwa sekunde moja, nafuu ile ilikwisha.

Mwaka 1997, Steven Luck na Edward Vogel walitumia miraba ya rangi na kukuta kwamba mtu mzima hushikilia vizuri vitu kama vinne hivi kwa mara moja. Mtoto mdogo hushikilia pungufu ya hapo, na uwezo huo hukua kadiri umri unavyosonga.

Kuna jingine. Wewe ukiona neno “shule”, unalibeba kama mzigo mmoja. Mtoto anayeanza kusoma analibeba herufi moja moja. Kikapu kinajaa kabla neno halijaisha.

Ufanye nini?

Kwanza, mpeleke akapimwe macho, hasa kama anakunja uso akitazama mbali au anasogelea televisheni. Pengine tatizo halimo kwenye kumbukumbu.

Pili, zungumza na mwalimu kwa heshima, aketishwe karibu na ubao na pasipo mtu wa kumkinga.

Tatu, mfundishe kubeba kidogo kidogo: neno moja au tarakimu mbili kwa safari moja, akizitamka kimoyomoyo hadi aziandike. Akimaliza mstari, alinganishe na ubao.

Nne, msomeshe kila siku. Kadiri anavyoyazoea maneno, ndivyo kila neno linavyogeuka mzigo mmoja.

Ukitaka kuona mwenyewe, weka kijiko, kifungo na kiberiti juu ya meza. Vifunike kwa kanga, ondoa kimoja, kisha muulize kipi hakipo. Ongeza vitu polepole. Usiufanye mtihani, na wewe pia ukubali kujaribiwa. Utashangaa utakavyoanza kukosea.

Kesho ukikuta tena 426 palipotakiwa 462, weka daftari chini, umuulize kwa upole: “Mwanangu, darasani unaketi wapi?”