MAZIWA YAKIKATALIWA, MWULIZENI NA ANAYEBEBA MKEBE

Ndugu mkulima, hakuna mzigo mzito kama mkebe wa maziwa unaorudishwa nyumbani. Mtu ameamka saa kumi alfajiri, ng'ombe amelishwa na kukamuliwa, na saa tatu asubuhi maziwa yanarudi kwa sababu yameganda katika kipimo. Hesabu mwenyewe. Mkulima apelekaye lita 8 kila siku, akikataliwa siku 4 katika kila mwezi, hupoteza lita 32. Kwa mwaka mzima ni lita 384. Hiyo ni karo ya mtoto, au ni deni lisilolipwa.

Hasara hii ikizidi, halmashauri ya chama cha ushirika huketi. Wajumbe husema sana, katibu huandika, na mwisho faini hutangazwa. Mwezi ujao maziwa hukataliwa tena. Kwa nini? Kwa sababu walioketi mkutanini sio waliokuwa na maziwa zizini, njiani na penye mizani. Wazee walisema: Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

KILA MTU ANAJUA KIPANDE CHAKE

Maziwa hutoka katika kiwele yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, na katika joto hilo vijidudu huzaana upesi sana. Yakipozwa hata kufika digrii 4 za Selsiasi, vijidudu huzaana polepole. Basi kati ya zizi na tangi la kupozea, kila nusu saa ina thamani, na kila mkono unaogusa maziwa una kazi yake.

Mkamuaji anajua ni ng'ombe gani ana chuchu moja iliyovimba. Mwenye mkokoteni wa punda anajua ni njia panda ipi maziwa hukaa juani. Mwosha mikebe anajua ni siku gani hakukuwa na maji ya moto. Mpokeaji anajua ni mikebe ipi inayonuka kabla hata ya kufunguliwa. Karani, katika kitabu chake, anaweza kuona kwamba maziwa ya barabara fulani hukataliwa zaidi ya mengine. Meneja anajua bei na masharti ya mnunuzi. Kila mmoja anacho kipande cha habari, lakini hakuna aliye nayo yote. Vipande hivyo visipokusanywa, chama kinafanya kazi gizani.

MFANO WA KIWANDA CHA MAGARI

Labda utauliza, “Je, mtu wa kazi za chini anaweza kweli kuokoa kazi kubwa?” Sikiliza habari hii. Katika mji wa Fremont, jimbo la California, Marekani, kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda cha magari. Wakubwa na wafanyakazi waligombana daima. Watu wengi hawakufika kazini, na magari mengi yalitoka na kasoro. Mwaka 1982 kiwanda kilifungwa.

Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia wa General Motors na Toyota ya Japani, kikaitwa NUMMI. Sasa angalia: wafanyakazi walioandikwa walikuwa kwa wingi wale wale wa zamani. Kilichobadilika ni namna ya kufanya kazi. Watu waligawanywa katika vikundi vidogo. Juu ya kila mahali pa kazi palikuwa na kamba. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro, aliruhusiwa kuivuta, na kiongozi wa kikundi alikuja mbio kumsaidia. Kasoro isipotengenezeka upesi, mstari wote wa magari ulisimama. Zamani kusimamisha mstari kulikuwa kosa kubwa. Sasa kukawa wajibu. Muda haukupita mrefu kabla magari yao hayajahesabiwa miongoni mwa magari mazuri yaliyotengenezwa Marekani. Kiwanda cha NUMMI kilifanya kazi hata mwaka 2010, na somo lake lingali linafundishwa.

Huko Japani Toyota ilikuwa imeanza mwaka 1951 kupokea mashauri ya wafanyakazi wake kwa utaratibu maalumu. Waliona kwamba mtu akilipwa kwa mikono yake tu, akili yake inapotea bure.

ULIZENI “KWA NINI” MARA TANO

Watu wa Toyota wana desturi nyingine iwezayo kutusaidia. Jambo likiharibika, huuliza “Kwa nini?” tena na tena, mara tano, hata wafikie mzizi. Tuseme chama chenu kinafanya hivyo.

Kwa nini maziwa ya barabara ya chini yalikataliwa? Yalikuwa yamechacha. Kwa nini? Yalifika kwenye tangi yamechelewa. Kwa nini? Mikokoteni ilizunguka njia ndefu. Kwa nini? Kivuko cha kijito kilichukuliwa na mvua. Kwa nini hakikutengenezwa? Halmashauri haikuwa na habari, maana mwenye mkokoteni hakuulizwa neno.

Basi faini ingefanya nini? Faini haijengi kivuko. Mawe na watu kumi wa kazi ya pamoja, Jumamosi moja, wangemaliza shida yote.

FANYENI HIVI

1. Kila mwezi kutaneni kwa muda wa saa moja penye mizani, si ofisini. Awepo mkamuaji mmoja, mchukuzi, mwosha mikebe, mpokeaji, karani, meneja na mjumbe wa halmashauri.

2. Chagueni shida moja tu. Karani aonyeshe kitabu: siku gani, barabara gani, lita ngapi.

3. Aanze kusema mwenye kazi ya chini kabisa. Mwenyekiti akianza yeye, wengine watasema tu, “Ndiyo, Mzee.”

4. Asiadhibiwe mtu kwa kutoa habari ya kasoro. Mwosha mikebe akisema, “Mzee, kuni zimekwisha tangu Jumatatu,” ashukuriwe, kisha kuni zinunuliwe. Akikemewa, hamtamsikia tena, na mikebe itaoshwa kwa maji baridi mwaka mzima.

5. Andikeni nani atafanya nini na lini. Mkutano ujao usomeni kwanza mambo haya. Kumwuliza mtu na kuliacha shauri lake bila jibu ni kumfundisha kunyamaza. Hata kama shauri halifai, mwelezeni sababu.

Msidhani kwamba kufanya hivi ni kuondoa uongozi. Kipimo cha maziwa kitabaki kipimo, na maziwa mabaya yatakataliwa hata kama ni ya mwenyekiti. Kuamua matumizi ya fedha ni kazi ya halmashauri na mkutano mkuu. Lakini halmashauri itaamua vema zaidi ikiwa na habari kamili.

NA NYUMBANI KWAKO PIA

Ndugu mkulima, usiwanyoshee kidole viongozi wa chama peke yao. Shamba lako nalo ni kazi ya watu wengi. Je, umemwuliza mama watoto kwa nini maziwa ya jioni yamepungua? Umemwuliza kijana achungaye ng'ombe ni wapi kupe ni wengi? Kibarua wako anajua kama ng'ombe aliyechomwa sindano bado maziwa yake yanachanganywa na mengine kabla siku alizotaja daktari wa mifugo hazijaisha. Ataogopa kukwambia ikiwa kila neno lake hujibiwa kwa ukali.

Leo jioni, kabla ya kufunga zizi, mwulize kila mmoja swali hili moja: “Ni jambo gani katika kazi yako linalotupotezea maziwa?” Kisha nyamaza, usikilize. Kuuliza si ujinga. Kesho yake, rekebisha jambo moja katika hayo, nao wakuone ukilirekebisha.