Ua la tangawizi si dawa ya mapunye ya mtoto

Mtoto anatoka shule akiwa na kiduara kichwani. Nywele zimekatika, ngozi inatoa magamba na usiku anajikuna. Jirani akimwona anasema ni mapunye, kisha anaonyesha ua jeupe linalonukia kando ya uzio: "Mama Neema, ponda tunguu la ua hili umpake."

Ua hilo ni tangawizi ya mapambo, kitaalamu Hedychium coronarium. Asili yake ni Asia, na ni ndugu wa tangawizi ya chai na manjano. Maneno ya jirani yana chembe ya ukweli, lakini haitoshi kumtibu mtoto.

Tunguu na majani ya mmea huu yana mafuta tete, yaani mafuta yenye harufu kali yanayotolewa kwa mvuke, kama yanavyopatikana mafuta ya makonyo ya karafuu kule Pemba. Ndani yake mna sineoli, kiambato kinachoyapa mafuta ya mkaratusi harufu yake. Maabara, watafiti huotesha fangasi kwenye kisahani, huweka mafuta na kupima kama inaendelea kukua. Mafuta ya baadhi ya tangawizi za mapambo yameonyesha uwezo wa kuizuia.

Hata hivyo, kichwa cha mtoto si kisahani. Fangasi ya mapunye huingia ndani ya unywele, ambako dawa ya kupaka haifiki vizuri. Ndiyo maana hata krimu ya dukani peke yake haimalizi tatizo. Daktari huandika dawa ya kumeza, kama griseofulvin, kwa wiki kadhaa. Mzazi, usiikatishe magamba yakianza kupungua.

Tunguu la kuponda halina kipimo, na mafuta tete yasiyozimuliwa huweza kuunguza ngozi. Mafuta yenye sineoli nyingi yakimezwa na mtoto mdogo yanaweza kuleta degedege. Yakipakwa karibu na pua ya mtoto mchanga, anaweza kupumua kwa shida.

Mpeleke mtoto kituo cha afya mapema. Mapunye yakiachwa yanaweza kuvimba, kutunga usaha na kuacha kipara cha kudumu. Kila mtoto awe na kitana, taulo na kofia yake. Kagua vichwa vya ndugu zake, na hakikisha kinyozi anasafisha mashine kabla ya kumnyoa.

Ua libaki uani, lipendeze nyumba.